Je, Amewaacha Watoto Wake?

Ndugu wasomaji, yako maneno ambayo watu huyanena upesi, na kwa kuwa yamenenwa mara nyingi hakuna ayapimaye tena. Neno moja la namna hiyo husikika katika sharika zetu kila mara mama afungapo mzigo wake na kushika njia ya mjini kutafuta riziki. Husemwa, "Amewaacha watoto wake." Wazee hulisema barazani, wanawake hulisema kisimani, na hata sisi tulioitwa kuwafundisha wengine hulisema tunapolipitia jina lake katika daftari ya ushirika. Kwa hiyo tumeona vema kuliweka neno hili mezani na kuligeuza pande zote, tuone kama ni kweli. Na ikiwa ni kweli, ni kweli juu ya nani.

Hatutaki kunena mambo ya hewani. Basi na tumfikirie mama mmoja. Jina lake hatulitaji, maana hayuko peke yake. Tumekusanya katika yeye mambo ambayo kila msomaji ameyaona kwa jirani au kwa ndugu yake. Amezaliwa katika nyanda za juu za Njombe, nchi ya baridi, ya mahindi, viazi na chai. Aliolewa, akazaa watoto watatu, akalima shamba la mumewe miaka 12. Mume akafa. Matanga yalipokwisha ukoo ukakutana, na shamba likarudi kwa ndugu za marehemu. Mama akaachiwa nyumba na kipande cha bustani ya mboga. Mwaka wa kwanza alilima kibarua katika mashamba ya watu, akapata chakula, lakini hakupata sare za shule wala madaftari. Mwaka wa pili akawapeleka watoto kwa mama yake mzazi, akapanda basi, akaenda Dar es Salaam, mwendo wa kilomita zipatazo 700, akapokewa na mtu wa kwao katika chumba kimoja.

Huko alianza kwa kufua nguo za watu. Jirani yake, mama wa Kizaramo, alimwona akirudi jioni mikono imechubuka, akamwambia, "Mwenzangu, kufua kutakumaliza. Njoo nikufunze vitumbua." Yeye hakuvijua vitumbua, maana kwao hakuna minazi. Akafunzwa kuloweka mchele, kuusaga, kuuchanganya na tui, sukari, hamira na iliki, na kuuacha uumuke. Akafunzwa kuamka saa tisa ya usiku kuwasha mkaa, kutia mafuta kidogo katika kila kishimo cha kikaango, na kukigeuza kitumbua kwa kijiti bila kukivunja. Saa kumi na mbili ya asubuhi ameketi karibu na kituo cha daladala na ndoo yake iliyofunikwa kitambaa cheupe. Na kila Jumamosi hutuma fedha kwa simu kwa bibi ya watoto.

Huyu ndiye tusemaye kwamba amewaacha watoto wake. Tuanze na neno lenyewe.

Kuacha ni nini? Mtu akiacha jembe lake shambani, akaenda zake asilikumbuke, twasema ameliacha. Lakini akilipeleka kwa jirani na kusema, "Nitunzie hata nirudi," hatusemi ameliacha; twasema ameliweka amana. Jembe ni lile lile, wala yeye hanalo mkononi katika hali zote mbili. Tofauti ni kwamba katika hali ya pili yuko aliyepokea, liko neno lililonenwa baina yao, na yuko mwenye mali ambaye moyo wake haujaondoka. Mama huyu hakuwatupa watoto njiani. Aliwapeleka kwa mtu aliyemlea yeye mwenyewe, akaeleza kwa nini anakwenda, na kila juma hutimiza aliyoyaahidi. Kwa haki ya lugha yetu wenyewe, watoto wale ni amana.

Hata hivyo tusifurahi upesi kwa kupata neno zuri. Amana ya jembe haili machozi. Mtoto anapougua usiku, fedha iliyotumwa Jumamosi hainyoshi mkono kumshika kipaji cha uso. Mtoto wa mwisho, aliyeachwa akiwa na miaka mitatu, humwita bibi yake "mama", na mama akija Krismasi hujificha nyuma ya mlango. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo, na bibi mwenye miaka sabini hawezi kumfuata kijana wa miaka kumi na mitatu kila aendako. Bibi naye alikuwa amekwisha kulea. Alidhani siku zake za kuchota maji mengi na kupika sufuria kubwa zimepita. Mambo haya ni hasara ya kweli. Atakayemtetea mama huyu kwa kuyaficha hamtetei, maana yeye mwenyewe ayajua kuliko sisi sote. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Basi swali lenyewe si kama kuna hasara. Hasara ipo. Swali ni hili: mtu aliyewekwa mahali ambapo kila njia ina hasara, atalaumiwa kwa kuchagua moja? Angalibaki, watoto wangalimwona kila siku, nao wangalitoka shuleni. Alipokwenda, watoto wanasoma, nao hawamwoni. Hakuna aliyempa njia ya tatu. Twaona kwamba lawama ya haki haimwangukii mara moja yule aliyechagua. Yatupasa kwanza kuuliza ni nani aliyezifunga njia nyingine.

Lakini kabla ya hapo tujipime kwa kipimo kimoja zaidi. Wazee wetu wa Njombe, Songea na Iringa wakumbuka, au wamehadithiwa na baba zao, habari za manamba. Wakati wa utawala wa Waingereza wanaume wengi wa nchi hizi walikwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Waliandikishwa, wakachukuliwa mbali, wakakaa miezi mingi, na wengine miaka. Waliwaacha nyumbani wake wenye mimba na watoto wachanga. Wengine walirudi na blanketi, nguo na fedha ya kodi; wengine hawakurudi kamwe. Je, kijiji kilisemaje? Kilisema, "Baba amekwenda kazini." Mtoto aliyeuliza aliambiwa asubiri. Hatukusikia baraza lililokaa kumshitaki baba huyo kwamba amewaacha watoto wake. Sasa mama amekwenda njia ile ile, kwa sababu ile ile, naye hutuma fedha mara nyingi kuliko wengi wa wale baba. Mbona neno limebadilika? Tukisema kwamba mama ni mama na mtoto humhitaji zaidi, tumesema jambo lenye ukweli ndani yake. Lakini huyu alikuwa mjane. Alipaswa kuwa mama na baba pia, na tulipomtaka abaki kuwa mama, hakuna aliyejitoa kuwa baba mahali pake.

Basi tuuendee ule mkutano wa ukoo, maana habari hii ilianza pale.

Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilitoa tangazo lililokusanya na kuandika sheria za mila za makabila yafuatayo ukoo wa baba. Katika maandiko hayo mjane hakupewa fungu katika urithi wa mumewe ikiwa marehemu ameacha watu wa ukoo wake. Fungu lake likawa kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza. Tulisome neno hili polepole. Kwa mjane mzee mwenye wana watu wazima, laonekana kuwa na heshima. Lakini kwa mjane wa miaka 32 mwenye watoto watatu ambao mkubwa wao hajaweza kubeba debe la maji, maana yake nini? Maana yake ni kwamba atunzwe na wale ambao yeye ndiye awatunzaye. Mwaka 1999 Sheria ya Ardhi ilitamka kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kushika na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume. Na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa isimamiayo mapatano ya haki za wanawake iliamua shauri la wajane wawili wa Tanzania walionyimwa urithi, ikaona kwamba wamedhulumiwa, tena ikaitaka nchi izirekebishe sheria hizo za mila. Lakini mikutano mingi ya ukoo haifanyiki mbele ya hakimu. Hufanyika uani, baada ya matanga, nao waketio pale ni watu wa kanisa.

Tunalisema hili kwa huzuni, wala hatujitoi. Wale walioligawa shamba la marehemu walikuwa wameimba kaburini siku tatu mbele. Mmoja wao pengine ni mzee wa kanisa. Naye huyo huyo, baada ya mwaka, anatikisa kichwa akisema, "Amewaacha watoto wake." Ndugu, ni nani aliyeacha kwanza? Watoto wale waliachwa siku ile shamba lililowalisha lilipochukuliwa, na mama yao alikuwa bado yupo nyumbani, akiwapikia wageni wa matanga.

Wala dhuluma hii si ya nchi yetu peke yake. Waluteri wote wamjua Katharina von Bora, mke wa Martin Luther. Wengi wamjua kwa kuolewa kwake mwaka 1525. Wachache wajua kazi yake. Katika nyumba kubwa ya Wittenberg iliyokuwa zamani nyumba ya watawa, yeye ndiye aliyepokea wanafunzi wakae kwa malipo, aliyepika pombe ya nyumbani, aliyefuga nguruwe na samaki, aliyelima bustani na kusimamia mashamba. Bila mkono wake mumewe asingaliweza kuwalisha wote walioketi mezani pake. Katika wosia wa mwaka 1542 Luther alitaka mkewe awe mrithi na mlezi wa watoto wao. Alipokufa mwaka 1546, sheria ya nchi ile haikuutambua wosia kama ulivyoandikwa, na mjane akawekewa wasimamizi wanaume. Kisha vita ikaja, akakimbia na watoto zaidi ya mara moja, akarudi akakuta mashamba yameharibiwa, akakopa, akaanza upya. Mwaka 1552 akaukimbia mji kwa ajili ya tauni, akaumia njiani, akafa Torgau. Twaipamba picha yake katika vitabu, na wakati huo huo twamkunjia uso mjane wetu aliyehama na kikaango.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana wako wasemao, "Kuhama tumeelewa, lakini biashara humharibu mtu, biashara ni kutafuta faida, na faida ni kumla mwenzio." Neno hili nalo lipimwe. Tuseme mama hupika vitumbua 120 kwa siku, akauza kila kimoja shilingi 200. Apata shilingi 24,000. Tuseme mchele, nazi, sukari, hamira, iliki, mafuta, kusagisha na mkaa vimemgharimu 18,000. Zabaki 6,000, yaani shilingi 50 katika kila kitumbua. Ameamka saa tisa ya usiku, ameondoka kituoni saa nne ya asubuhi. Hizo ni saa saba. Jioni amekwenda sokoni, ameloweka mchele, amepeleka kusaga, amesugua kikaango. Hizo ni saa mbili. Kwa saa tisa za kazi amepata shilingi 6,000, wala hazitimii 700 kwa saa. Aitwaye mla watu ndiye huyo.

Mwaka 1524 Luther aliandika juu ya biashara na riba. Aliwakemea wafanyabiashara walioshika kanuni ya kwamba mtu aweza kuuza kwa bei kubwa kadiri awezavyo kuipata, akaona kanuni hiyo yafungua mlango wa wizi. Lakini hakusema kwamba muuzaji asipate kitu. Alifundisha kwamba bei ihesabiwe kwa gharama, taabu, kazi na hatari ya muuzaji; na mtu asiyejua ajihesabie ujira gani, alinganishe na kibarua wa siku. Tukitumia kipimo hicho, mama huyu hajaipita haki, pengine hajaifikia. Anayesimama mbele yake asubuhi, amevaa viatu vya ngozi, akabisha ili apewe vitumbua vitano kwa bei ya vitatu, naye ajihesabie haki yake mwenyewe.

Walakini kazi halali haimfanyi mtu kuwa mwema bila yeye kutaka. Majaribu ya kikaango yapo. Mafuta ya jana yamekuwa meusi. Ayamwage, au ayachanganye na mapya? Mchele wa bei nafuu una mchanga; auchambue usiku kucha, au auache mteja auchambue kwa meno? Bei ya sukari imepanda. Aseme wazi kwamba amepandisha bei, au apunguze upawa kimya kimya? Haya ni madogo kwa atazamaye, lakini maadili ya mchuuzi hayana mahali pengine pa kukaa. Torati katika sura moja ya Mambo ya Walawi huamuru mgeni asidhulumiwe, kisha mara yaendelea kuamuru mizani na vipimo viwe vya haki. Twaona maneno hayo mawili yamewekwa karibu kwa sababu: mgeni na adaiwe haki yake, naye mgeni ashikapo kipimo, kiwe cha haki.

Kuna jaribu kubwa kupita yote hayo, nalo hatutalinyamazia. Kazi ikizidi, mama hutafuta msaidizi. Huandika nyumbani apelekewe binti. Naye binti apelekwaye mara nyingi ni mtoto wa miaka 12, yatima au mtoto wa maskini kuliko yeye, ambaye angepaswa kuwa darasani. Huamshwa saa tisa ya usiku, hulala jikoni, na ujira wake ni chakula na kanga. Hapa tunasimama. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na hata mkubwa zaidi yakataza kazi ya usiku na kazi imdhuruyo. Lakini hata kama sheria isingekuwapo, mama huyu apaswa kujua. Yeye amehama ili binti yake asome. Je, asomeshe wake kwa kumtoa shuleni wa mwenzake? Akifanya hivyo, dhuluma aliyotendewa katika ukoo ameichukua katika mzigo wake, akaifungua mjini. Aliyeonewa hapati ruhusa ya kuonea. Na sisi tumpendao ndio tupaswao kumwambia.

Sasa neno la deni. Siku moja jiko limekufa, au mtoto amelazwa, au mvua ya juma zima imewaondoa wateja, na mtaji umeliwa. Benki humtaka dhamana asiyo nayo. Lakini mtaani wako watu wenye mkono mwepesi, ambao mikopo yao wanawake wenyewe wameiita "kausha damu", na jina hilo halina haja ya kufasiriwa. Tuseme amekopa shilingi 100,000, arudishe 130,000 baada ya siku 30. Kwa faida ya 6,000 kwa siku, akifanya kazi siku 26, apata 156,000. Akilipa 130,000, zabaki 26,000, yaani shilingi 1,000 kwa kila siku aliyofanya kazi. Kwa hizo alipe kodi ya chumba, ale, na watoto wapelekewe. Haiwezekani. Basi hulipa riba peke yake, na deni lasogezwa mwezi wa pili. Akiendelea hivyo mwaka mzima atakuwa amelipa shilingi 360,000, na zile 100,000 angali akidaiwa. Siku ashindwapo, hubebewa kitanda, sufuria na kikaango.

Katika Kumbukumbu la Torati imekatazwa kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, maana kuchukua jiwe hilo ni kuchukua uhai wa mtu. Aliyeitoa amri hiyo alijua tofauti ya mali na chombo cha kazi. Ukimchukulia mtu pambo lake, umempunguzia. Ukimchukulia chombo cha kazi, umemnyang'anya na uwezo wa kukulipa. Hii si haki ya mdai, maana hata yeye hapati faida ya kudumu, ila ni ukatili uliovaa nguo ya mapatano. Kuna na habari ya yule mjane katika kitabu cha pili cha Wafalme, ambaye mdai alikuja kuwachukua wanawe wawili. Twajua jinsi mafuta yalivyoongezeka, lakini tuangalie na vyombo. Vyombo vile vilitoka kwa majirani. Mafuta yalikoma vyombo vilipokwisha. Naye aliagizwa auze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Kuomba vyombo, kuuza, kulipa, kuishi: ndiyo biashara ndogo ya mjane tangu zamani, na sehemu ya majirani ni vyombo.

Wanawake wa miji yetu wameelewa jambo hili. Hucheza upatu, wakitoa kila juma kiasi kilicho sawa, na kila mmoja akipokea kwa zamu. Wengine wameingia VICOBA, hununua hisa, hukopeshana kwa riba ndogo ambayo hurudi kwao wenyewe mwisho wa mwaka, na huweka mfuko wa msiba na ugonjwa. Mwaka 2018 sheria iliziagiza halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kuwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya kasoro zilizoonekana, kisha ikarudishwa. Lakini mgeni mara nyingi hana kikundi, hajulikani na mwenyekiti wa mtaa, wala hakuna wa kumdhamini. Hapo ndipo usharika wa mjini wapaswa kujiuliza kwa nini mama aliyeabudu kati yao mwaka mzima alimjua mkopeshaji kabla ya kumjua mzee wa kanisa.

Na serikali ya mji nayo ina lake. Kwa Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983 wachuuzi wengi wasio na kazi iliyoandikishwa walikamatwa mijini na kurudishwa vijijini, kama kwamba kazi isiyo na barua si kazi. Desemba 2018 wachuuzi wadogo walianza kupewa vitambulisho kwa shilingi 20,000, wakapumzika kidogo. Mwaka 2021 wakaondolewa kando ya barabara na kupelekwa maeneo yaliyotengwa. Hatusemi kwamba njia isiachwe wazi. Mwenye kutembea kwa miguu na mwenye duka alipaye kodi nao wana haki. Lakini kumhamisha muuza vitumbua mbali na kituo ni kumhamisha mbali na wateja wake, na utaratibu mwema hujulikana kwa kuwauliza wale watakaoubeba.

Mtume Paulo alipofika Filipi, wa kwanza kuufungua moyo na nyumba alikuwa mwanamke muuza nguo za zambarau, Lidia, wa mji wa Thiatira. Huyo naye alikuwa mgeni katika mji ule, tena mfanyabiashara. Kanisa la Filipi lilianza nyumbani kwa mama aliyehama. Na yule mama wa Kizaramo aliyemfunza mgeni vitumbua, huku akijua kwamba kesho atakuwa na mshindani wa kituo kimoja, hakuwa wa dini yetu. Tulitafakari tendo lake sana. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Yeye hakungoja kupona, alianza kwa kutoa.

Basi, ndugu, tufanye nini? Ukoo ukutanapo baada ya matanga, mwalimu wa dini awepo pia siku hiyo ya kugawa, na aulize mbele ya wote: watoto hawa watakula wapi? Mama ahamapo, apewe barua ya utambulisho kwa usharika wa huko aendako, na jina lake lisifutwe kwa hasira. Bibi aliyeachiwa watoto atembelewe, achanjiwe kuni, na mzee mmoja aende shuleni kwa niaba ya watoto. Usharika wa mjini umtafutie mgeni kikundi kabla hajamjua mkopeshaji. Na mama mwenyewe ashike amana yake: asiwaambie watoto kwamba atarudi kesho ikiwa hatarudi, awapigie simu hata wiki ambayo hana fedha ya kutuma, maana mtoto asikiapo sauti ya mama siku ya fedha tu, atajifunza kuipenda fedha.

Tumesema hapo kwanza kwamba sisi nasi tuliwahi kulinena neno lile. Tulilinena katika kikao cha wazee, juu ya mama mmoja, na hakuna aliyetupinga. Baadaye tulikwenda kwa bibi ya watoto kuuliza habari zao. Tulimkuta akipepeta maharage. Tukasema, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, akatutandikia mkeka, akatusikiliza hata mwisho. Kisha akauliza, "Baba zangu, tangu binti yangu aondoke, ninyi ndio wageni wa kwanza kutoka kanisani. Mmekuja kuwatazama watoto, au mmekuja kumtafuta yeye makosa?"

Hatukuwa na jibu siku ile. Tulichukua shoka lililokuwa ukutani, tukapasua kuni hata jua likashuka.